Tai Walioshuka Mtaroni

Wawira, maitu,

Wewe na baba yako mmeshuka mjini kuwaaga watu wa mtaa wa Majimbo, na najua hamtarudi kabla ya jua kuinama, kwa sababu shangazi yako hajawahi kumwacha mtu atoke kwake bila kula. Nimebaki na sanduku lako lililofungwa kamba, na daftari la darasa la nne ambalo nimelichana kurasa za katikati. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia. Kiembu changu ni cha mdomoni. Nikikiweka kwenye karatasi kinakaa kama mzee aliyevalishwa viatu vya kuazima.

Habari za sweta, chakula na wavulana sitaziandika. Shangazi zako wamekwisha kuzisema, mmoja wao mara tatu, nawe uliitikia vizuri bila kusikiliza. Mimi nina mambo mawili niliyoyatenda kwa mikono yangu. Moja nilikutenda wewe mwaka huu. Lingine nilimtenda mjomba wako Nyaga kabla hujazaliwa, na bila hilo la zamani hili la mwaka huu lisingekuwapo.

La mwaka huu ni fupi. Barua yako ya kukubaliwa chuoni, ile uliyodhani imechelewa posta, haikuchelewa. Ililetwa shuleni ninakofundisha siku ya Ijumaa. Niliifungua, nikasoma jina la mji lililoandikwa juu, nikaikunja na kuiweka gharani chini ya gunia la mahindi. Ilikaa huko siku tisa. Wewe ulikuwa unashuka posta kwa miguu, unarudi na vumbi hadi magotini, unaniambia, "Maitu, bado." Nami nakupakulia chakula. Siku ya kumi nikaitoa, nikasema tarishi ameileta. Ulinikumbatia ukalia kwa furaha. Sijawahi kukumbatiwa nikaumia namna ile.

Uliponiuliza mbona sichangamki, nilisema ni baridi ya huko inayonitia hofu. Haikuwa baridi. Lilikuwa ni lile jina, Mosko.

Ili nikueleze, sharti nikurudishe Kibugu, nyumbani kwetu kwa zamani, kabla ya majani chai kupandwa huko. Shamba letu lilikuwa la mwisho kabla ya msitu wa mlima. Baba alikufa nikiwa mdogo, tukabaki watatu: mama yangu, ambaye wewe umepewa jina lake, ndiyo maana nakuita maitu, yaani mama; kaka yangu Nyaga; na mimi. Nyaga alinizidi miaka mitatu. Nyuma ya shamba palikuwa na mgongo wa kilima usio na miti, na hapo ndipo tulipokaa kila mwezi wa kumi tukipumzika kazi ya kupanda, tukiwangoja ndege wa mbali.

Sijui kama naweza kukuonyesha kwa maneno. Wa kwanza walikuwa mbayuwayu, wakipita chini chini juu ya udongo mpya kama watoto waliotumwa haraka. Baada yao keremkerem. Hao ungewasikia kabla ya kuwaona, sauti yao kama maji yanayotikiswa ndani ya kibuyu. Kisha mwewe, mmoja leo, watatu kesho. Halafu ingekuja asubuhi moja, mvua imenyesha usiku na jua limetoka likiwa kali, udongo unafuka mvuke, na ilipofika kama saa nne Nyaga angesema, "Lala chali." Tungelala chali kwenye nyasi zenye umande. Na juu yetu, toka upande wa Meru, wakizunguka bega la mlima, wangekuja. Mamia. Walipofika juu ya kilima chetu walianza kuzunguka wakipanda, wakipanda, kama makapi ya mtama yanapopepetwa, ila haya yalikuwa yanakwenda juu badala ya kuanguka. Wakishafika juu kabisa walinyoosha mabawa na kuteleza kuelekea kusini bila kupiga bawa hata moja.

Nyaga aliwahesabu kwa maharagwe. Kila ndege kumi, haragwe moja kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto. Mama aligomba: "Mbegu zangu zinaishia kwenye suruali ya huyu!" Lakini jioni alimwuliza, "Haya, wamekuja wangapi?" Na alikuwa na hesabu yake. Wakitangulia mvua, alisema, panda upesi. Wakija nyuma ya mvua, punguza uji, mwaka utakuwa mrefu.

"Wanatoka wapi?" nilimwuliza Nyaga.

"Mbali."

"Mbali wapi? Maua? Isiolo?"

"Mbali mpaka hakuna mtu wa kumwuliza."

Jibu hilo lilimkera mwenyewe. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, na alisoma mpaka pale ambapo mtoto wa mjane angeweza kusoma. Alipofika miaka kumi na minane misheni ya bondeni ilimpa kazi ya kufundisha darasa la kwanza. Alinifundisha na mimi kusoma, jioni, kwa kuchora herufi kwenye majivu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Mengi yake umeyasoma vitabuni, sina haja ya kuyarudia. Nitasema tu yaliyotupata sisi. Nyumba yetu ilichomwa kwa amri, tukiitazama, kwa sababu ilikuwa karibu mno na msitu. Tulipelekwa kijijini: nyumba zimepangwa mistari, handaki limezunguka, ndani yake vijiti vilivyochongwa. Lango lilifunguliwa kwa filimbi na kufungwa kwa filimbi. Nyaga alikuwa na pasi ya misheni, kwa hiyo alitoka asubuhi kwenda kufundisha na kurudi jioni. Mama na mimi tulikwenda na wanawake wengine kuchimba ule mtaro mkubwa kando ya msitu, ili watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na Wazungu, wasishuke kutafuta chakula. Tulichimba kutoka asubuhi hadi saa saba, homgadi, watu wetu wenyewe waliopewa silaha na serikali, wamesimama juu yetu na bunduki. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kina cha mtaro kilituzidi mimi na mama tukisimamishwa mmoja juu ya mwingine, na ukiwa ndani yake unaona ukanda mwembamba tu wa mbingu. Mwaka ule wa kwanza, ndege walipita bila mimi kuwaona.

Mwaka wa pili walishuka wenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, nasi tulikuwa tumeanza kipande kipya, mtaro bado unatufika kifuani tu. Asubuhi ya tatu jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, kwanza kama moshi mwembamba, kisha kama ardhi yote inachemka. Na tai wakaja. Si mwewe wale wadogo, tai wa kahawia, wakubwa, wale wanaokuja nyuma ya mvua. Walitua kwenye udongo tuliokuwa tumeutupa nje ya mtaro, mia na zaidi, wakaanza kutembea kwa miguu wakiokota kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku! Ndege ambaye ungemwogopa akiwa angani, sasa anakimbia huku na huku akiyumba, amenyanyua mabawa kama mwanamke aliyenyanyua nguo kuvuka tope. Mama yangu alianza kucheka. Wanawake wote wakacheka. Hata homgadi walicheka. Tulikuwa hatujacheka tangu nyumba zichomwe.

Kisha homgadi mmoja mfupi akapiga bunduki. Wengine wote waliruka, na mmoja akaangukia mtaroni, karibu na jembe langu.

"Wewe msichana! Tupa hiyo nje."

Nikamshika miguu nimrushe. Ndipo nikaona: kwenye mguu mmoja kulikuwa na pete. Ya madini meupe, nyepesi kama kifuniko cha kopo, imezunguka mguu pale juu ya vidole. Sijui kwa nini nilifanya nilivyofanya. Nadhani kwa sababu sikuwa na kitu kimoja kizuri wakati ule. Niliipanua kwa ncha ya jembe, nikaivua, nikaifunga kwenye pindo la shuka langu. Kisha nikamtupa ndege nje. Hakuna aliyeniona.

Jioni nilimpa Nyaga. Aliisogeza karibu na moto akaisoma. Palikuwa na tarakimu, na neno moja: MOSKWA.

Maitu, laiti ungeuona uso wake. Alisema kwa kunong'ona, "Igoki, mtu amemvalisha. Unaelewa? Kuna mtu alimkamata ndege huyu, akamvalisha pete hii, akamwachilia. Upande wa pili kuna mtu. Naye anawatazama."

"Na hilo neno?"

"Labda ni jina lake."

Kwa siku kadhaa tulikuwa na rafiki aliyeitwa Bwana Moskwa. Tulimpa kofia. Tulimpa mke mkali anayegomba kwa ajili ya mbegu. Nyaga alisema Bwana Moskwa anasimama kilimani kwake sasa hivi akijiuliza, "Wamefika wapi?" Mahali pale penye filimbi na vijiti vilivyochongwa, tulikuwa tunacheka chini ya blanketi kama watoto. Nikikumbuka miaka ile yote mibaya, zile siku chache bado nazitamani. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Nyaga akaibana pete kidogo, akaivaa kidole cha mwisho. Alitaka kumwuliza mwalimu mkuu wa misheni habari ya lile neno. Hakufika kwake. Asubuhi ile langoni alikuwapo ofisa wa Kizungu, kijana, mgeni, aliyesema na watu kupitia mkalimani. Aliangalia pasi ya Nyaga, akaangalia mkono ulioishika. Akaisoma pete. Alibadilika rangi.

Ungeelewa kama ungekuwa wa wakati ule. Kwa Wazungu, Warusi walikuwa adui wakubwa kuliko wote, na walishaanza kuambiana kwamba watu wa msituni wanasaidiwa na Warusi. Na sasa, chini ya Mlima Kenya, mwalimu wa darasa la kwanza amevaa kidoleni jina la mji mkuu wa Warusi, Mosko huo huo.

Tulipigiwa filimbi sote. Tukapangwa uwanjani, wanaume huku, wanawake kule, wasichana mbele. Nyaga alikuwa amesimama karibu na gari, mikono nyuma. Mkalimani akasema kwa Kiembu, kwa sauti kubwa:

"Kijana huyu anasema pete hii aliitoa kwenye mguu wa ndege. Tai. Bwana anauliza: kuna mtu yeyote hapa aliyemwona tai mwenye pete? Kama yupo, aseme. Mkikaa kimya, anaondoka naye."

Nyaga alikuwa amesema ni yeye aliyeitoa. Hakunitaja. Yule homgadi mfupi alikuwa hatua chache kutoka kwangu, na alimjua tai yule. Lakini alikuwa ameripoti kwamba risasi ile aliwapigia watu wa msituni. Akatazama viatu vyake. Mama hakujua lolote, sisi hatukumwambia. Nilibaki mimi.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba Nyaga alinitazama akatikisa kichwa, kama anayesema, nyamaza. Nimejiambia mara nyingi hata nikaanza kukiona kichwa kikitikisika. Kesho unaondoka, kwa hiyo acha niandike ilivyokuwa. Hakutikisa. Alinitazama tu. Alikuwa ananingoja.

Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na maneno, nilijua mahali mzoga ulipotupwa. Niliogopa. Nilihesabu moyoni, nikifika kumi nitasema. Nikafika kumi, nikaanza tena. Wakamtia garini.

Alikaa kizuizini miaka minne, kwenye kambi za tambarare.

Watu husema woga ni kitu cha dakika moja. Wangu ulikuwa na njaa, kila baada ya muda ulitaka kulishwa. Mama aliugua mwaka wa tatu. Siku moja nikimwosha miguu aliniuliza, "Igoki, ile pete ya kaka yako, wewe uliwahi kuiona?" Nikasema, "Sikuiona, maitu." Akasema, "Basi alikuwa na mambo yake ambayo hakutuambia. Mwanangu mwenyewe." Alikufa kabla ya mvua, akiamini kwamba mtoto wake alimficha. Alifichwa kweli, lakini na mtoto mwingine, yule aliyekuwa amemshika miguu.

Hilo ndilo linaloniamsha. Uwanjani niliogopa bunduki. Lakini mama mgonjwa kitandani nilimwogopea nini?

Nyaga aliachiliwa wakati nimeshaolewa na baba yako. Alipanda kilima na kifurushi kimoja, amekonda, sikio la kushoto halisikii. Alikwenda kwanza kwenye kaburi la mama. Tukakaa pamoja miezi kadhaa, tukisema habari za mbuzi na mvua. Mwezi wa kumi ulipofika tulikuwa tunapanda, mwewe wakaanza kupita, na yeye hakuinua kichwa. Nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia hapo hapo shambani, jembe mkononi: kwamba nilihesabu mpaka kumi, kwamba mama aliniuliza nikakana.

Alipangusa jembe lake kwa nyasi, akaliegemeza ukutani, akachukua kifurushi chake. Alikwenda Kiambere kwenye joto, karibu na mto Tana, akafuga mbuzi na nyuki. Hakurudi karibu miaka minne. Nikajua kwamba nimemkasirisha mpaka mwisho wa maisha.

Dada yako alipozaliwa alipewa jina la mama wa baba yako, kama ilivyo desturi. Ulipozaliwa wewe, jina likawa la mama yangu. Nilimpelekea Nyaga habari kwa mfanyabiashara wa mbuzi: "Wawira amezaliwa." Sikuongeza kitu. Ulikuwa na wiki tatu alipotokea mlangoni na kibuyu cha asali, vumbi la Kiambere mpaka kwenye nyusi. Alikuchukua, akakutazama muda mrefu, akasema, "Habari ya siku nyingi, maitu." Kisha akanigeukia mimi. Nilijua sasa ama atanisamehe ama atanilaani.

Akasema, "Una uji?"

Ndivyo tulivyorudiana. Hapakuwa na mengine. Jioni ile, wewe ukiwa mapajani pake, alinieleza kwamba ndege walipita juu ya kambi pia. Mwaka wa kwanza aliwachukia. Walikuwa wanavuka waya bila kuulizwa pasi. Mwaka wa pili alijikuta anatazama miguu ya kila tai aliyetua. Mwaka wa tatu aliwafundisha wenzake kuhesabu, kwa mawe, maana maharagwe yaliliwa.

Nami, maitu, nilikuwa na kosa jingine nalilea. Nyinyi watoto mnanijua kama mama anayewaita ndani mwezi wa kumi: "Njooni, mvua inakuja!" Hakukuwa na mvua. Sikutaka mwinue macho, mniulize wanatoka wapi. Nimewanyima jambo zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, ili mimi nisiulizwe swali. Mambo uliyoyajua kuhusu ndege uliyapata Kiambere kwa mjomba wako wakati wa likizo, na ulirudi umejaa maneno, nami nilikwambia, "Kunja nguo." Nakumbuka ulivyonyamaza.

Kwa hiyo ilipokuja barua yenye jina lile, nilirudi uwanjani. Niliona mtoto mwingine anatiwa garini. Nikaificha. Siku ya tisa nilikuaga nikasema naenda mkutano wa walimu, kumbe nilikwenda Kiambere. Nilitaka Nyaga aniambie usiende. Nilimkuta anafukiza mzinga. Nikamwambia yote, hata habari ya gunia.

Hakuuliza habari za Warusi. Aliuliza, "Wewe umekuwa ukificha vitu kwa miaka mingapi sasa?"

Nilijifanya natazama nyuki.

"Mpe mtoto barua yake."

Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka njiani. Akasema utakwenda wakati ndege wanakuja, mtapishana mahali fulani juu, na kwamba ukisomea udaktari wa mifugo huenda ukawaona wanakotaga mayai. Alisema hivyo akitazama mbuzi, lakini sauti yake ilikuwa ya kijana aliyelala chali kwenye nyasi.

Kama ningekuwa na shauri la kukupa ningekupa, lakini nimekuwa mwalimu miaka mingi na najua mtu hafundishwi ujasiri ubaoni. Ninachojua ni kidogo. Ukinyamaza siku moja unaweza kusamehewa, hata na wewe mwenyewe. Ni kule kunyamaza kwa pili, mlango umefungwa, hakuna bunduki, mtu anakuuliza kwa upole, ndiko kunakokaa mwilini. Ukijikuta hapo, sema hata kama umechelewa.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kutia jina langu, Nyaga akaingia. Ametoka Kiambere tangu alfajiri kuja kukuaga. Ameketi kwenye kiti cha baba yako na kuvua viatu.

"Unamwandikia mtoto nini?"

"Ile habari."

Hakuuliza ipi. "Lete nione."

Amesoma kurasa zote kwa ile miwani yake iliyofungwa uzi, midomo ikitembea kama wanafunzi wake wa zamani. Alipofika pale kwenye uwanja alirudia. Alipofika pa Kiambere aliweka karatasi magotini.

"Igoki, hapa si kweli."

"Wapi?"

"Hapa umesema nilienda Kiambere na hasira."

"Si uliondoka bila neno?"

"Niliondoka na aibu." Akavua miwani. "Kwa ile gari, kabla tufike kwa daraja, nilikutaja."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Niliambia mkalimani kwa Kiembu. Nikamwambia si mimi, ni dada yangu, Igoki, ndiye alitoa pete kwa mguu wa ndege. Yuko kwa laini ya wasichana, shuka la kijivu. Nikakutaja mpaka nguo, Igoki. Walikuwa hawajanipiga hata kofi."

"Halafu?"

"Yule mtu akaniangalia. Mzungu akamwuliza, anasema nini? Mkalimani akakohoa. Halafu akamwambia kwa Kizungu, 'Anasema anaomba maji.'"

Kuku walikuwa wanaparua nje. Nilisikia kila ukucha.

"Na wewe Kizungu ulikuwa unakijua," nikasema.

"Nilikuwa nacho cha kutosha. Ningesema mwenyewe. Mzungu akanipa chupa yake. Nikakunywa." Akaipangusa miwani kwa shati. "Kambini nilijiambia miaka minne kwamba nilikuokoa. Siku ile uliniambia yako hapo shambani, ningekuambia yangu, tukawa sawa. Ilinishinda. Nikakuacha ukibeba mzigo wote peke yako, nikaenda kuchunga mbuzi."

Nilimwuliza mkalimani alikuwa nani. Hajui. Mtu wa huku huku kwa jinsi alivyosema, mrefu, mwenye kikohozi. Hakumwona tena. Tumekaa hapa saa nzima tukijaribu kuukumbuka uso wake, yeye anasema alikuwa na ndevu, mimi nasema hakuwa nazo. Siku zote nilimtazama mtu yule kama mdomo wa Mzungu. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na chake.

Nyaga amesema niyaongeze haya, nisifute niliyoandika juu. Basi nimeyaongeza. Nasikia sauti ya baba yako kwenye kona, na wewe unamjibu. Nitaikunja barua hii niitie ndani ya sanduku kabla hujaingia, uisome ukiwa mbali, na usifanye haraka kumsamehe yeyote kati yetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye ishirini, na sote wawili tuliogopa. Aliyekuwapo ndani ya gari lile ambaye hakuogopa, au aliogopa na bado akafanya, alikuwa mtu ambaye jina lake hatukulijua. Alisikia jina langu, akalitafsiri kuwa maji. Wewe umezaliwa kwa sababu ya tafsiri ile.

Nenda salama, maitu.

Mama yako,
Igoki